Jangwa na Sababu ya Ukame Wake

Jangwa hupimwa kwa mvua. Wanajiografia wengi huliita jangwa eneo lolote linalopata chini ya milimita 250 za mvua kwa mwaka. Wengine hulinganisha maji yanayoanguka na maji ambayo jua na upepo vingeweza kuyakausha: pale ambapo kinachoweza kukauka kinazidi kwa mbali kinachoanguka, hapo ni jangwa, hata kama mto mkubwa unapita katikati, kama Naili inavyopita Misri. Kwa kipimo cha mvua jangwa kubwa kuliko yote duniani halina ngamia hata mmoja. Ni bara la Antaktika, lenye kilomita za mraba zipatazo milioni 14, ambako hewa ni baridi mno hata haiwezi kubeba mvuke wa maana. Sahara, yenye kilomita za mraba zaidi ya milioni 9, ndiyo kubwa miongoni mwa majangwa ya joto.

Picha inayowajia watu wengi wanaposikia neno jangwa ni matuta ya mchanga yanayofuatana hadi upeo wa macho. Picha hiyo si ya uongo, ila ni ya sehemu ndogo. Katika Sahara yenyewe mchanga hufunika kama robo tu ya ardhi. Wenyeji wa huko wana majina ya sura zote, na majina hayo sasa yanatumika katika jiografia ya dunia nzima. Hamada ni tambarare ya mwamba mtupu. Reg ni uwanda wa kokoto uliobaki baada ya upepo kupeperusha kila kilicho chepesi. Erg ndiyo bahari ya mchanga, na wadi ni njia ya mto ambayo kwa siku nyingi za mwaka haina tone la maji.

Wadi inaeleza jangwa vizuri kuliko tuta. Ardhi isiyo na majani haina cha kuizuia mvua siku inaponyesha. Matone huipigapiga, uso wa udongo huziba kama sakafu, na maji yote hukimbilia bondeni kwa pamoja yakiburura mchanga, mawe na chochote kilichokuwa njiani. Mwandishi Isabelle Eberhardt, mzaliwa wa Uswisi aliyehamia Algeria, alifia katika mji wa Aïn Séfra ukingoni mwa Sahara mwaka 1904, na kilichomuua hakikuwa kiu bali mafuriko ya ghafla yaliyobomoa nyumba ya udongo aliyokuwamo. Makorongo, magenge na nguzo za mawe ambazo wageni huzipiga picha jangwani nyingi zilichongwa na maji. Upepo huja baadaye kupiga msasa.

Sababu za mvua kutonyesha ni kadhaa, na kila moja huacha alama yake juu ya ardhi. Iliyo kubwa kuliko zote inaanzia ikweta. Jua la utosini hupasha nchi na bahari, hewa yenye mvuke hupanda, hupoa, na kumwaga mvua juu ya misitu ya Kongo na Amazon. Ikishaacha maji yake, hewa hiyo husafiri juu angani kuelekea kaskazini na kusini, kisha hushuka kwenye latitudo ya nyuzi 30 hivi. Hewa inaposhuka hubanwa na kupata joto, na hewa yenye joto hunywa unyevu badala ya kuutoa. Ndiyo maana anayefuata mstari huo kwenye ramani hukuta Sahara na Uarabuni upande wa kaskazini, na Kalahari na majangwa ya Australia upande wa kusini. Mvua ya Kisangani na ukame wa Kufra, nchini Libya, ni mwanzo na mwisho wa safari moja ya hewa.

Chini ya anga isiyo na mawingu jua lote hufika ardhini mchana, na usiku joto lote huondoka bila kizuizi, hata msafiri aliyechomwa na jua saa nane mchana akalala akitetemeka chini ya blanketi mbili. Kwa miaka mingi vitabu vya shule vilitaja El Azizia, Libya, kuwa mahali palipopata joto kubwa kuliko pote, nyuzi 58 za Selsiasi mwaka 1922. Mwaka 2012 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikichunguza kipimo hicho na kukifuta. Rekodi inayotambuliwa rasmi sasa ni nyuzi 56.7, iliyopimwa Julai 1913 katika Death Valley, California. Hilo ni joto la hewa. Uso wa ardhi ni jambo lingine: katika jangwa la Lut, Iran, ambako upepo umechonga udongo mgumu kuwa kuta ndefu zinazofuatana kama mitaa ya mji uliohamwa, setilaiti ilisoma nyuzi 70.7 juu ya ardhi mwaka 2005.

Mkanda huo wa ukame haukai mahali pamoja milele. Mhimili wa dunia huyumba polepole, kama pia inayokaribia kuanguka, kwa mzunguko wa miaka zaidi ya 20,000, na kuyumba huko hubadilisha nguvu ya jua la kiangazi. Kati ya miaka 11,000 na 5,000 hivi iliyopita jua hilo lilikuwa kali zaidi upande wa kaskazini, likavuta mvua za Afrika Magharibi ndani kabisa ya Sahara. Nchi ikawa ya nyasi na maziwa. Juu ya uwanda wa mawe wa Tassili n'Ajjer, kusini-mashariki mwa Algeria, watu waliacha michoro na nakshi zaidi ya 15,000 kwenye miamba. Ya zamani ina wanyama wa porini, hata viboko na mamba, kisha wanatokea ng'ombe wenye mabaka na wachungaji wao, baadaye farasi, mwishoni ngamia. Anayeipanga michoro hiyo kwa umri anaisoma nchi ikikauka, kizazi baada ya kizazi, kwa mkono wa watu waliokuwapo.

Ziwa Chad la wakati huo lilikuwa zaidi ya mara nne ya Ziwa Victoria la leo. Sehemu ya sakafu yake iko wazi sasa katika bonde la Bodélé, kaskazini mwa Chad, nayo ni nyeupe, kwa sababu imejaa magamba ya mwani wadogo wasioonekana kwa macho walioishi katika maji yale. Upepo unaobanwa kati ya milima ya Tibesti na Ennedi hulipiga bonde hilo kwa siku nyingi za mwaka, na vumbi lake huvuka Atlantiki hadi Amazon, likibeba fosforasi ambayo udongo wa msitu, unaooshwa na mvua kila siku, huihitaji sana. Viumbe wa ziwa lililokauka Afrika wanausaidia msitu wa bara jingine kuota. Katika Ennedi kwenyewe lipo bwawa la Archei, ndani ya korongo lenye kuta ndefu, ambamo mamba wachache wameendelea kuishi tangu enzi za unyevu, huku ngamia wakinywa maji yale yale.

Ukingo wa kusini wa Sahara unaitwa Sahel. Neno hilo ni la Kiarabu, maana yake pwani, na ndilo lililozaa jina la Waswahili na lugha yao. Wasafiri wa misafara waliiona Sahara kama bahari, na nchi ya nyasi iliyowapokea baada ya majuma ya safari wakaiita pwani yake.

Ng'ambo ya Bahari ya Shamu hewa ile ile inayoshuka imefanya Rub' al Khali, yaani Robo Tupu. Neno robo katika Kiswahili limetoka kwenye mzizi huo huo. Ni kilomita za mraba zipatazo 650,000, eneo linaloipita Kenya nzima, lililogawanywa kati ya Saudi Arabia, Oman, Falme za Kiarabu na Yemen, na sehemu kubwa yake ni mchanga mfululizo. Mzungu wa kwanza kulivuka alikuwa Mwingereza Bertram Thomas, aliyetoka Salalah Desemba 1930 na kufika Doha Februari 1931. Aliongozwa na Mabedui wa kabila la Rashid, ambao walikuwa wakilijua jangwa hilo kisima kwa kisima tangu zamani. Sifa ya safari ile ni yao kwanza.

Ukingoni mwake upande wa kusini, katika mkoa wa Dhofar nchini Oman, jangwa hukutana na upepo ambao watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanaujua kwa jina. Ni kusi, ule uliokuwa ukiyarudisha majahazi Arabuni kutoka Zanzibar, Mombasa na Lamu. Kati ya Juni na Septemba hufika Dhofar ukiwa na ukungu na manyunyu, na wenyeji huuita msimu huo kharifu. Milima inayotazama bahari hugeuka kijani, ng'ombe na ngamia hula majani mabichi, na kilomita chache nyuma yake nchi ni mawe makavu. Hapo mpakani, panapofika ubaridi wa kusi lakini si mvua yake, ndipo unapositawi mti wa ubani.

Mti wenyewe ni mfupi, wenye matawi yaliyopindapinda na gome linalobanduka kama karatasi. Mvunaji hukwangua kipande kidogo cha gome, utomvu mweupe kama maziwa hutoka, kisha huachwa kwa siku kadhaa ukauke uwe matone magumu. Utomvu wa kwanza hauthaminiwi sana. Ule unaotoka baada ya kidonda kukwanguliwa tena ndio wenye bei. Mwaka 2000 UNESCO iliingiza nchi ya ubani ya Dhofar katika Urithi wa Dunia, pamoja na bandari za kale zilizousafirisha na bonde la Wadi Dawkah ambako miti bado imesimama. Familia ya Waswahili inayofukiza chetezo siku ya maulidi, au inayotoa ubani kwa wafiwa, inalitumia neno lililosafiri kwa bahari pamoja na bidhaa ya jangwa.

Mchanga nao una sheria zake. Aliyezichunguza kwa makini ni Ralph Bagnold, mhandisi wa jeshi la Uingereza aliyezunguka jangwa la Libya kwa magari ya Ford katika miaka ya 1920 na 1930, na mwaka 1941 akachapisha kitabu kuhusu fizikia ya mchanga unaopeperushwa. Alionyesha kwamba chembe nyingi za mchanga haziruki mbali kama vumbi. Huruka hatua fupi, huanguka, na kuanguka kwake hurusha nyingine. Hivyo mchanga hupanda mgongo wa tuta upande wa goshini, upepo unakotoka, hufika kileleni na kuporomoka upande wa demani, uliokingwa. Mteremko wa demani hauzidi nyuzi 34 hivi, maana ukizidi hapo mchanga hujimwaga wenyewe. Chembe kwa chembe, tuta zima huhama bila kupoteza umbo lake.

Mfano ulio karibu na wasomaji wa Afrika Mashariki hauko jangwani. Kaskazini mwa Tanzania, karibu na Bonde la Olduvai, pana tuta jeusi lenye umbo la hilali, kimo chake kama mita 9 na upana wa mita 100 hivi, lililofanywa na majivu ya volkano ya Oldoinyo Lengai. Upepo wa mashariki hulisukuma kuelekea magharibi takriban mita 17 kwa mwaka, na alama zilizosimikwa ardhini zinaonyesha lilikokuwa miaka iliyopita. Pembe mbili za hilali hutangulia mbele, kwa kuwa pembeni mchanga ni haba, na mchanga haba husukumwa upesi kuliko ule wa katikati. Mchanga huo una madini ya chuma yenye sumaku: anayerusha konzi moja hewani huona chembe zikishikana na kurudi chini pamoja. Tuta hilo moja linaeleza hilali zote za Sahara na Peru. Pepo zinapovuma kutoka pande nyingi kwa zamu, hilali haifanyiki, na mchanga hujilundika kuwa nyota yenye mikono mitatu au minne, kama matuta marefu ya Robo Tupu. Katika jangwa la Simpson, Australia, matuta yamelala sambamba kama matuta ya shamba la viazi, mengine kwa urefu wa kilomita 200.

Yapo majangwa ambayo ukame wake unatoka baharini, na hapo ndipo mgeni hustaajabu zaidi, kwa kuwa anaweza kusimama na mawimbi yakimlowesha miguu katika nchi isiyo na mvua. Pwani ya Namibia hupitiwa na mkondo wa Benguela, wenye maji baridi yanayotoka kusini. Maji hayo hupoza hewa iliyo juu yake. Hewa baridi ni nzito, haipandi, na isipopanda hakuna wingu la mvua. Kinachopatikana ni ukungu, unaoingia nchi kavu alfajiri kwa makumi ya kilomita na kutoweka jua linapopanda. Kwa ukungu huo jangwa la Namib, lililonyooka kwa kilomita karibu 2,000 kutoka kusini mwa Angola hadi Afrika Kusini, limelea viumbe ambao hawapo mahali pengine. Wataalamu hulihesabu kuwa miongoni mwa majangwa ya kale kuliko yote duniani.

Mbawakawa mmoja wa Namib, mweusi na mwenye miguu mirefu, hutoka mchangani usiku wa ukungu na kupanda hadi ukingo wa juu wa tuta. Hapo hugeukia upepo, huinamisha kichwa na kuinua kiuno mpaka mgongo unakuwa mteremko. Ukungu hugandamana juu ya gamba lake, matone hukutana, huteremka hadi mdomoni, naye hunywa. William Hamilton na Mary Seely waliieleza tabia hiyo katika jarida la Nature mwaka 1976. Mmea wa welwitschia nao, ambao mtaalamu wa mimea Friedrich Welwitsch aliukuta kusini mwa Angola mwaka 1859, una majani mawili tu maisha yake yote. Majani hayo hukua kutoka shinani bila kukoma huku ncha zikichanwa na upepo, hata mmea mmoja ukaonekana kama lundo la mikanda iliyotupwa. Baadhi ya mimea hiyo ina zaidi ya miaka 1,000, na Namibia imeuweka katika nembo ya taifa.

Mchanga wa Namib una historia ya safari. Mto Orange huuchukua kutoka bara la kusini mwa Afrika na kuumwaga Atlantiki. Mawimbi na mkondo huupeleka kaskazini kando ya ufuko. Upepo huutoa majini na kuuingiza nchi kavu. Kadiri unavyokaa jangwani, chuma kilicho katika chembe hupata kutu, na ndiyo sababu matuta ya ndani ni mekundu kama tofali na ya pwani ni ya manjano. Mto Tsauchab, unaotoka milimani kuelekea baharini, huzuiwa na matuta hayo na kuishia Sossusvlei. Karibu na hapo pana Deadvlei, sakafu ya udongo mweupe ambayo mto uliiacha baada ya matuta kuufungia njia. Migunga iliyokuwa ikinywa maji yake ilikufa miaka 600 au 700 iliyopita, lakini bado imesimama, myeusi kwa kuchomwa na jua, maana hewa ni kavu mno hata kwa kuoza. Tuta linaloitazama kutoka juu lina kimo cha mita zaidi ya 300. Ni vigumu kutaja mahali duniani ambapo rangi nne tu, nyeupe, nyeusi, nyekundu na buluu, zimefanya kazi kubwa kuliko hapo.

Njia hiyo hiyo ya mchanga ilipitisha almasi. Mwaka 1908 Zacharias Lewala, mfanyakazi wa reli aliyekuwa akiondoa mchanga kwenye njia ya treni karibu na Lüderitz, aliokota jiwe akalionyesha kwa msimamizi wake. Utajiri uliofuata ulikwenda kwa wengine. Wajerumani walijenga mji wa Kolmanskop katikati ya jangwa, wenye hospitali, ukumbi wa michezo na kiwanda cha barafu. Almasi zilipopungua watu wakahama, na mwaka 1956 mji ukabaki mtupu. Leo mchanga umeingia kupitia milango na madirisha, umejaa vyumbani hadi kiunoni, na kuta za rangi za sebule zimebaki juu yake.

Ng'ambo ya pili ya bahari, pwani ya Chile, mkondo baridi wa Humboldt hufanya kazi ile ile ya Benguela, na safu ya Andes huzuia mvua ya Amazon isivuke. Jangwa la Atacama limefungwa hapo pande zote mbili, na kavu kuliko hilo, nje ya ncha za dunia, halijulikani. Mji wa Arica uliwahi kukaa miaka 14, kuanzia 1903 hadi 1918, bila mvua. Watu wa Chinchorro, waliokuwa wavuvi wa pwani hiyo, walianza kuhifadhi maiti zao kwa ustadi miaka 7,000 hivi iliyopita, miaka elfu mbili kabla ya Wamisri, na ukame ukazitunza. Ukame huo huo ulitunza shura, chumvi inayotumika kutengeneza mbolea na baruti. Shura huyeyuka majini, kwa hiyo haiwezi kulundikana ardhini ila pale pasipo mvua kabisa. Kwa ajili ya utajiri huo Chile ilipigana na Peru na Bolivia kuanzia 1879, na Bolivia ikapoteza pwani yake yote. Baadaye Wajerumani walivumbua njia ya kutengeneza mbolea kwa naitrojeni ya hewani, na miji ya wachimbaji, kama Humberstone, ikahamwa. Kinachovunwa sasa ni lithiamu ya betri kutoka kwenye tambarare za chumvi, na nuru ya nyota: juu ya uwanda wa Chajnantor, kwenye mita 5,000, antena 66 za ALMA husikiliza mawimbi ambayo mvuke kidogo tu wa hewani ungeyafisha.

Majangwa ya nyuma ya milima hayahitaji maelezo marefu. Upepo wa bahari ukigonga mlima hupanda, hunyesha upande wa goshini, na kushuka mkavu upande wa demani. Gobi, kaskazini mwa China na kusini mwa Mongolia, liko mbali na bahari na nyuma ya uwanda wa juu wa Tibet. Lina kokoto nyingi na mchanga kidogo, na majira ya baridi hufika nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwenye magenge yake mekundu ya Bayanzag, mwaka 1923, msafara wa Roy Chapman Andrews ulikuta mayai ya dinosaria. Death Valley nalo limekingwa na safu za milima ya California, na sakafu yake hushuka hadi mita 86 chini ya usawa wa bahari. Katika mbuga ya taifa ya Death Valley kuna ziwa kavu ambalo mawe yake, mengine yenye uzito wa zaidi ya kilo 100, huacha mifereji mirefu kwenye tope kana kwamba yametembea. Watu walibishana kwa miongo. Majira ya baridi ya 2013 watafiti waliyaona yakienda: maji ya mvua yaliganda usiku kuwa barafu nyembamba kama kioo cha dirisha, jua la asubuhi likaivunja, na upepo wa kawaida ukavisukuma vipande vyake vipana, navyo vikayasukuma mawe.

Antaktika ina mabonde yasiyo na theluji, kilomita za mraba zipatazo 4,800 karibu na Ghuba ya McMurdo. Milima huzuia barafu isiingie, na upepo mzito unaoteremka kutoka uwanda wa ndani hukausha kidogo kinachoanguka. Sili waliopotea njia na kufia humo wamekauka na kubaki kwa mamia na hata maelfu ya miaka. Kwenye ncha ya mto mmoja wa barafu hutoka maji mekundu kama damu, ambayo mwanajiolojia Griffith Taylor aliyaona mwaka 1911. Ni maji ya chumvi kali yaliyofungiwa chini ya barafu, yenye chuma kinachopata kutu pindi kinapokutana na hewa.

Afrika Mashariki ina fumbo lake, maana iko kwenye ikweta, mahali pa mvua, na bado sehemu yake ya kaskazini ni kame. Milima ya Ethiopia na ya Kenya huacha uwazi kati yake, na upepo kutoka Bahari ya Hindi hubanwa humo ukapita kwa kasi bila kupanda na kunyesha. Upepo huo ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani, ufukoni mwa Ziwa Turkana. Mashariki ya ziwa hilo, katika kaunti ya Marsabit, limelala jangwa la Chalbi, ambalo jina lake kwa Wagabra humaanisha mahali patupu penye chumvi. Lilikuwa ziwa. Sasa ni tambarare ya udongo uliopasukapasuka na ukoko mweupe wa chumvi, na mvua kubwa ikinyesha maji hurudi kwa majuma machache. Chemchemi za Kalacha na North Horr, zilizo ukingoni mwake, hunywesha ngamia na mbuzi wa wafugaji, na juu ya Mlima Marsabit, ulio jirani, msitu mzito hunywa ukungu.

Kaskazini zaidi, katika bonde la Danakil nchini Ethiopia, nchi imeshuka zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari. Bahari ya Shamu iliwahi kuingia humo, ikakatwa, ikakauka, na kuacha chumvi nyingi mno. Huko Dallol maji ya moto yenye tindikali hutoka ardhini na kupaka chumvi hiyo rangi ya manjano, kijani na kutu. Wenyeji wa huko, Waafar, hukata chumvi kwa mashoka kuwa vipande vya mstatili na kuvipandisha kwa ngamia hadi nyanda za juu. Kwa karne nyingi vipande hivyo, vinavyoitwa amole, vilikuwa fedha halali katika masoko ya Ethiopia.

Jangwa lililo changa kuliko yote halikufanywa na hewa, bahari wala milima. Mwaka 1960 Bahari ya Aral, ziwa la Asia ya Kati, ilikuwa na kilomita za mraba zipatazo 68,000, karibu sawa na Ziwa Victoria. Serikali ya Kisovieti iligeuza maji ya mito Amu Darya na Syr Darya yaliyoilisha, ikayapeleka kwenye mashamba ya pamba. Ziwa likarudi nyuma mwaka hadi mwaka, samaki wakafa kwa chumvi, na upepo ukaanza kubeba vumbi lenye dawa za mashambani hadi vijijini. Kazakhstan ilikamilisha bwawa mwaka 2005 na kuokoa sehemu ndogo ya kaskazini, ambako samaki wamerejea. Kusini, mwaka 2014, bonde la mashariki lilikauka lote. Sakafu hiyo sasa ina jina lake kwenye ramani, jangwa la Aralkum. Moynaq, Uzbekistan, ulikuwa mji wa bandari wenye kiwanda cha samaki. Leo meli zake za uvuvi zimekaa mchangani, na maji yako mbali sana na hapo.